Kengele kwenye Simu ya Mama

Mama yangu anaishi kijijini Gulwe, mimi niko mjini, Nkuhungu. Krismasi iliyopita niliichukua simu yake nikawasha ile huduma ya kuitafuta ikipotea: niione iko wapi, niifunge, niipigishe kelele hata kama imezimwa sauti, yote nikiwa mbali. Mama akacheka, akasema sasa na yeye kavishwa kengele kama mbuzi. Nikamjibu kwamba mbuzi wa Gulwe hawapotei kama simu zake.

Basi, asubuhi moja akanipigia kwa simu ya shangazi, analia. Simu yake haionekani tangu jana. Ikipigwa inaita, haipokelewi. Nilijua kinachomliza. Kabla baba hajafariki alijirekodi humo kwa mzaha, tukaifanya sauti yake ndiyo mlio wa simu, na nakala hatukuwa nayo popote.

Nikafungua ramani kwenye kompyuta ya ofisini, na loo, alama ikatokea Nkuhungu, mtaani kwangu. Damu ikanichemka. Yaani mwizi atoke Gulwe aje kukaa mlangoni kwangu? Nikaifunga simu papo hapo, nikaweka ujumbe kwenye kioo kwamba najua alipo. Mwenzangu wa meza ya pili akashauri nifute kila kitu, mwizi asifaidi. Kidole kikakaribia kitufe, nikakirudisha. Baba hafutwi.

Nikaomba ruhusa, nikampitia mjumbe wa mtaa, nikampa shikamoo na habari nzima kwa pumzi moja. Ramani haikuonyesha nyumba kamili. Ilizungushia duara kwangu na kwa jirani ambaye kuku wake wananimalizia mchicha. Mimi nilikuwa nimeshahukumu. Mjumbe, mtu mpole sana, akasema tuipigishe kelele kwanza, ndipo tubishe hodi. Mama naye alikuwa hewani kwa simu ya shangazi, anasikiliza.

Tukasimama kati ya nyumba hizo mbili, nikabonyeza kwenye simu yangu. Kwa jirani kimya. Sauti ya baba ikatokea jikoni kwangu.

"Mama watoto, pokea simu! Watoto wanakuita!"

Ilitoka ndani ya kiroba cha mlenda mkavu ambacho mama alinitumia kwa basi jana yake, na nilikuwa bado sijakifungua. Kwetu kila nyumba ina mlenda wake, kwa hiyo hakuna anayeuiba, na mama huficha humo kila anachokithamini. Safari hii alikishona kiroba na kukituma, simu imo ndani imezimwa sauti, kasahau kabisa. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Mjumbe alicheka kashikilia kofia yake.

Nikafumua kiroba, nikaipapasa simu humo ndani huku nakohoa vumbi la mlenda. Nilipoishika tu, mama akanizuia.

"Usiizime," alisema. "Mwache aniite kidogo."

Nikaisogeza karibu na simu yangu, baba akaendelea kumwita, na mama akawa anamwitikia.