Shosho wa Kiti cha Katikati

Kabla hujaanza kunicheka, jua kwamba siku hiyo nilikuwa nimekunywa chai tu, na ilikuwa haijafika hata saa moja jioni. Mimi si mtu wa kuona majini kila kona. Ni mama wa hapa karibu na Kariobangi, na haya ninayokueleza niliyaona kwa macho yangu haya. Tena sikuwa peke yangu. Fundi Wafula yupo, muulize. Hatataka kuyazungumzia, lakini wewe muulize tu.

Kazi yangu ilikuwa kupeleka watoto shule, kwa miguu. Asubuhi nazunguka mlango kwa mlango, nakusanya wale wadogo wa chekechea, tunashikana mikono mpaka langoni. Mdogo wao kabisa alikuwa Bahati, wa nyumba ya juu yangu, mtoto wa kukuuliza maswali mpaka kichwa kikuume. Halafu mwenye shule akasema wazazi sasa wanataka gari. Akaniambia, madam, pata gari kabla shule hazijafunguliwa, la sivyo kazi nampa mwingine. Ningefanyaje? Nikaanza kutafuta gari kuukuu la bei ya mtu kama mimi.

Lakini sidanganywi na rangi, mimi. Gari la kubebea watoto wa watu! Kila aliyetaka kuniuzia nilimwambia, kwanza nionyeshe limepelekwa ukaguzi lini na lini, na likapita au likaanguka. Wengi walikata simu. Kijana mmoja wa mtaa wa Baba Dogo, Kevo, ndiye pekee aliyenitumia picha za vyeti vyote. Gari lilikuwa limepita, likapita, likapita, kisha kimya miaka miwili, kisha likapita tena. Hiyo miaka miwili ilinikaa rohoni. Nikasema hilo nitamuuliza ana kwa ana.

Jumamosi jioni nikamchukua Wafula, fundi wa magari wa mtaani kwetu, tukaenda. Si unajua hakuna anayekwenda kununua gari peke yake? Wewe unaenda na fundi wako, muuzaji naye anakuja na ndugu au mamake awe shahidi. Kwa hiyo nilipofika na kumkuta shosho mmoja, bibi mzee, amekaa ndani ya gari, kiti cha nyuma, pale katikati, kitambaa kichwani na sweta ya kijani, sikushangaa hata kidogo. Nikajua ni mtu wa Kevo. Nikainama dirishani, "Habari ya jioni, shosho," akaitikia kwa kichwa. Wafula pia akamsalimia. Ungemuuliza mtu mzima kama yule ameletwa na nani? Hayo kwetu ni matusi.

Wafula akafungua boneti, akaingia chini ya gari, akatoka anajipangusa mikono. Injini sawa, breki sawa, hakuna kutu ya kutisha. Niamini, nilifurahi. Nilishaanza kumwona Bahati amekaa dirishani akinisumbua na maswali yake. Tukasema tulizungushe kidogo barabarani. Wafula akashika usukani, Kevo akakaa naye mbele, mimi nikaingia nyuma kando ya shosho.

Hakusogea. Ubavu wangu wa upande wake ukashika baridi, kama nimeegemea ukuta wa bafu, na siku hiyo kulikuwa na joto la kukera. Nikasema labda ni uzee.

"Kevo," nikaita, "hii miaka miwili gari haikwenda ukaguzi, ilikuwa wapi?"

"Aah, mathe, ilikuwa imepaki tu shagz, huko kijijini," akajibu bila kugeuka. "Mzee alikuwa mgonjwa, na hakukuwa na mtu wa kuiendesha."

Akarudi kwa Wafula, wakaendelea kubishana habari za mafuta. Ndipo shosho akaniinamia sikioni.

"Anakudanganya," akasema polepole. "Ilikuwa kituo cha polisi. Uani, pamoja na zile zingine zilizogongwa."

Ala! Nikajiambia, huyu mama ana roho ya haki, anamwanika kijana wake mwenyewe. "Kwani iligongwa, shosho?"

Akanionyesha mkanda wa kiti chake, ule wa katikati. "Ufunge."

Nikaufunga. Ukalia ka! vizuri kabisa.

"Sasa vuta. Kwa nguvu."

Nikavuta. Mkanda wote ukachomoka, ukanibakia mkononi kama utepe wa nywele.

"Wanaangalia taa," akasema. "Wanaangalia breki na magurudumu. Huu hakuna anayeuvuta. Hata mimi sikuuvuta. Nilimkalisha hapa katikati, nikamfunga kwa mkono wangu mwenyewe. Ukalia ka, nikaridhika."

"Nani, shosho?"

"Kitindamimba wa binti yangu. Alirushwa nje kwa kioo cha mbele."

Nikataka kumshika mkono, lakini ile baridi ikanizuia. "Pole, shosho. Pole sana. Na wewe ulipona?"

"Mimi nilimfuata," akasema.

Nilielewa kwamba alishuka garini akamfuata pale chini alipoangukia. Wewe ungeelewaje?

Tuliporudi Baba Dogo giza lilikuwa linaingia. Nikashuka kwa hasira, nikamrukia Kevo pale mbele kwa maneno. "Huna haya! Unataka nibebe watoto kwa gari lililoua mtoto? Na mamako amekaa hapo nyuma ananiambia kila kitu!"

Kevo akanitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Mathe yangu? Mathe yangu ako shagz. Huyo shosho si mlikuja naye nyinyi?"

Nikamgeukia Wafula. Wafula akamgeukia Kevo.

"Mimi nilijua ni wako," Wafula akamwambia.

Tukainama wote watatu kuangalia ndani. Kiti kilikuwa kitupu. Mlango niliotokea mimi nilikuwa nimeuegemea, na ule wa pili Wafula mwenyewe alikuwa ameona haufunguki kutoka ndani. Halafu Wafula akanyoosha kidole. Mkanda wa katikati, ambao nilikuwa nimeuacha umelala kitini, ulikuwa umefungwa.

Kevo alikaa chini, hapo hapo kwenye vumbi. "Haki ya Mungu, mi niliinunua mnada," akasema. "Ilikuwa imebondeka mbele, nikainyoosha. Wenyewe siwajui." Alikuwa karibu kulia. Nilimwonea huruma, lakini sikukaa kumbembeleza. Mimi na Wafula tulitembea mpaka barabara kuu.

Sasa unadhani yaliishia hapo? Laiti.

Shule zilifunguliwa sina gari. Kazi ikaenda kwa Mama Brayo wa mtaa wa pili, nami nikaweka jiko langu la mandazi karibu na lango la shule. Asubuhi ya kwanza gari la njano likaja. Rangi mpya, stika mpya ya ukaguzi kwenye kioo. Nikaangalia namba na sufuria nusura inimwagie mafuta ya moto. Ndilo lile la Kevo. Na nyuma kulikuwa na watoto watatu, Bahati akiwa katikati, mgongo wake umeegemea sweta ya kijani, mikono ya shosho imemzunguka kifuani.

Nilimwendea Mama Brayo siku hiyo hiyo. Sikumtajia shosho, nilimwambia mkanda tu. Akanicheka. "Wivu itakuua, madam. Ulishindwa kununua, sasa unataka nami nisile?" Nikamwambia nitanunua mkanda mwingine mimi mwenyewe, na Wafula ataufunga bure. Akasema nikiligusa gari lake ataniitia polisi. Mwenye shule akanionyesha cheti, gari limepita, ninataka nini zaidi? Mamake Bahati alinisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, na tangu siku hiyo hanisalimii kwenye ngazi. Unaona nilivyobanwa? Mimi niliyelikataa lile gari ndiye ambaye hakuna atakayemsikiliza, kwa sababu nililikataa na nikapoteza kazi.

Siku moja Bahati alikuja kwenye jiko langu. Nikampa andazi nikamuuliza, "Bahati, mnakaa wangapi kule nyuma?"

"Watatu na shosho," akasema, mdomo umejaa. "Mkanda ni mbaya. Shosho hunishika hapa." Akajigusa kifua.

Nikuambie ukweli? Nilishukuru. Nilimshukuru Mungu kwa mzuka, mimi mtu wa kanisa. Kila asubuhi nikawa naliangalia gari likija, nikimwona shosho nyuma ninashusha pumzi, naendelea kukaanga mandazi yangu. Usiku nikawa angalau napata usingizi.

Jumatatu ya wiki hii niliona watoto watatu tu. Jumanne, watatu. Jana nilimshika Bahati mkono langoni, nikamuuliza shosho yuko wapi.

"Alisema amechoka," Bahati akaniambia. "Alisema mikono inamuuma."

Nilimkimbilia Mama Brayo hapo hapo, nikampigia magoti barabarani mbele za watu, naye akapandisha kioo cha dirisha akaondoka. Kwa hiyo ninakueleza wewe, na nitamweleza kila atakayesimama hapa kununua andazi. Ukienda kununua gari kuukuu, usiridhike na cheti, na ukikuta mtu amekaa ndani, uliza kwa sauti, mbele ya wote, huyu amekuja na nani. Kuhusu shosho, usiniamini kama hutaki. Lakini ikiwa una mtoto anayebebwa na gari la njano huku kwetu, kesho asubuhi kabla halijaondoka ingiza mkono wako katikati ya kiti cha nyuma. Funga ule mkanda. Ukilia ka, usiridhike. Vuta.