Nilivyopeleka posa Mtongwe kwa taipureta ya Kiarabu, nusura nikose mke

Wakuu, salaam aleikum. Msio Waislamu nanyi hamjambo.

Juzi humu kijana mmoja alilalamika kuwa kompyuta kuukuu ya ofisini kwao ikifungua barua ya Kiarabu inaonyesha viboksi na alama za kuuliza tu. Nilicheka mpaka mjukuu akaja kuniangalia.

Mashine kutozijua herufi za watu hakukuanza na kompyuta. Mimi yalinikuta kabla kidogo ya uhuru, na wallahi sitii chumvi.

Nilikuwa karani wa ghala moja Changamwe, nyumbani Likoni. Kazi yangu kupiga taipu kwa Kizungu, na nilijiona, msinione hivi.

Nikampenda Mwanasha, binti wa Mzee Athumani wa Mtongwe.

Kwetu posa ilipelekwa kwa barua. Lugha Kiswahili, herufi za Kiarabu, na mwandishi ni mzee wa upande wa mume. Mzee wetu alikuwa Ami Salim, ndugu ya babangu. Mwandiko wake mzuri, lakini mwenyewe mzito.

"Inshallah Ijumaa," ananiambia. Ijumaa zikapita. Huku nasikia mfanyabiashara wa Kisauni naye anajiandaa kuposa nyumba hiyo hiyo.

Nikaona nitaachwa hivi hivi. Mwarabu mmoja mwenye duka Likoni alikuwa na taipureta ya Kiarabu. Nikaiazima.

Jamani! Kigari chake, kile kibebacho karatasi, chatembea kinyume, maana Kiarabu chaanzia kulia. Kila mwisho wa mstari mkono wangu wasukuma upande wa Kizungu.

Halafu ile mashine iliundiwa Waarabu, nao hawana pa, hawana cha, hawana va. Posa bila pa utaiandikaje? Ikabidi nipige herufi inayofanana, kisha nukta zilizopungua zitiwe kwa kalamu. Nikampelekea Ami Salim.

"Mimi na ndevu zangu, n'mekuwa fundi wa nukta?"

Alinuna, lakini alizitia moja moja, akinilaani kwa adabu.

Barua ikatoka safi, mistari imenyooka. Niliibusu. (Msicheke.)

Mposaji mwenyewe haendi, kwa hiyo Ami akaenda na wazee wawili. Mimi nikabaki nyumbani nimevaa kanzu mpya bila sababu.

Wakarudi mbio, Ami kofia mkononi.

Kumbe Mzee Athumani alifungua barua, wala hakuisoma. Herufi zile zilizopigwa mashine alikuwa kaziona mara moja tu maishani, kwenye karatasi ya serikali iliyomtoa nduguye shambani. Na siku zile ardhi ndiyo ilikuwa mazungumzo ya kila baraza. Akasimama akaita wanawe.

"Shamba hili kazikwa babangu! Sitoki!"

"Mzee, sisi twaja kuposa," Ami akamwambia.

"Na shamba sasa mwaliposa?"

Wanawe wakatoka na majembe. Wazee wetu wakasahau viatu.

Nililia, wakuu. Karani mzima. Nilimwona Mwanasha keshakwenda Kisauni.

Kesho yake ikaja salamu kutoka Mtongwe: kama kweli ni posa, kijana mwenyewe aje aandike barazani, Mzee akimtazama. Ami akasema hajapata kuona mambo hayo tangu azaliwe. Mimi nilikuwa nishashika njia.

Sasa balaa ni mwandiko. Tangu chuoni, nikisoma Kurani, mwalimu alishanikatia tamaa, na taipureta ikamalizia. Wino wamwagika, mistari yapanda kilima. Nyuma ya pazia wanawake wanacheka, na kicheko kimoja nakijua.

Mzee akaichukua karatasi. Akaitazama, akaigeuza juu chini, akaitazama tena.

"Barua hini," akasema, "serikali haiwezi kuitoa."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akageukia pazia: "Mwiteni mamake Mwanasha."

Yule wa Kisauni alipokuja, akapewa kahawa tu.

Nililojifunza: mashine ikusaidie kazini, lakini ukienda kuomba mtoto wa watu, nenda na mkono wako, hata ukiwa mbaya.

Haya, nanyi semeni. Nani humu mashine imewahi kumharibia shughuli? Mkitaka kunicheka pia ruksa, nimezoea.

Mwanasha yuko hapa pembeni. Asema niwaambie kuwa ile barua ya barazani anayo, na mpaka leo hajaweza kuisoma.