Kilolo Hawakupokea Simu

Kiwanda tunachofanyia kazi kiko Iyunga, Mbeya. Kinatengeneza transfoma ndogo, stabilaiza na makabati ya umeme ya viwandani. Mimi niko chumba cha kusuka koili, nazungusha waya wa shaba kutwa nzima. Mume wangu yuko upande wa ufungaji. Sisi tukimaliza kazi ndani, yeye na fundi mwenzake ndio wanaokwenda kufunga kwa wateja.

Mwaka ule kiwanda kilikuwa kinatimiza miaka ishirini na tano, na mkurugenzi alikuwa haongei kingine. Wanawake tulishonewa vitenge vya bluu vyenye picha ya transfoma mgongoni. Aliyevishona ni mke wa yule fundi mwenzake mume wangu, mwanamke wa Iringa, jirani yangu. Tulikuwa tumezoeana sana. Akikosa chumvi anatuma kwangu, nami nikichelewa kazini wanangu wanakula kwake.

Wiki ya sherehe waume zetu walikuwa Kilolo, mkoani Iringa, kwenye kiwanda cha mbao. Mota za pale zilikuwa zinaungua kila mara kwa sababu umeme hautulii. Msumeno mkubwa ukiwashwa, taa zinafifia na mashine nyingine zinaguna kama mtu aliyebebeshwa mzigo asiouweza. Tiba yake ilikuwa kabati la chuma tulilolitengeneza Iyunga, lenye safu za kapasita ndani, la kuutuliza umeme huo. Mkurugenzi akapanga kwamba siku ya jubilei, wageni wakiwa wamekaa, mshereheshaji apige simu Kilolo, na mume wangu aseme kwenye spika kwamba kabati limewashwa na mota zinazunguka vizuri.

Kapasita nazijua, na ndiyo maana naziogopa. Waya wa kawaida ukizimiwa swichi umekufa. Kapasita inabaki na umeme tumboni. Lazima uisubiri, halafu uimalizie umeme wake kwa waya wa ardhi, ndipo uiguse. Jioni kabla ya sherehe nilimwambia mume wangu kwenye simu, "Msije mkafanya haraka kwa ajili ya hotuba za watu."

Akacheka. "Haraka ya nini? Kazi imebaki kidogo."

Asubuhi ilikuwa na ukungu, baadaye jua likatoka. Kwaya iliimba, mchungaji akaomba, mkurugenzi akasimulia jinsi alivyoanza na kibanda cha kurekebisha redio. Watu walipiga makofi. Kisha mshereheshaji akashika simu, akaiweka karibu na kipaza sauti, akasema sasa tunaenda Kilolo.

Simu iliita. Ilisikika uwanja mzima mpaka ikakata yenyewe.

"Mtandao wa milimani huo," mshereheshaji akasema, na watu wakacheka. Akapiga tena. Ikaita tena mpaka mwisho. Jirani yangu, aliyekuwa amekaa kando yangu, akanishika goti. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Mshereheshaji akasema mafundi wako kazini, tuwaache, akaomba muziki.

Mimi nilikuwa namwangalia mkuu wa karakana. Alikuwa amesimama pembeni ya turubai, simu sikioni, kidole kimeziba sikio la pili. Alisikiliza muda mrefu. Halafu akageuka akatazama tulipokaa. Hakunitazama mimi peke yangu wala jirani yangu peke yake. Alitutazama sote wawili.

Alitupeleka ofisini, akafunga mlango.

"Kumetokea ajali," akasema. "Fundi mmoja ameungua na umeme. Yuko hai, wanampeleka hospitali ya misheni upande wa Iringa. Mwingine ni mzima, yuko naye."

"Yupi ameungua?" nikauliza.

"Aliyepiga ni mlinzi wa getini kule. Hajui majina. Anasema wamevaa ovaroli za kufanana."

Jirani yangu akampigia mume wake. Simu ilikuwa imezimwa. Nikampigia wangu. Iliita, ikaita. Mlinzi naye akawa hapatikani tena, kwa sababu, kama tulivyojua baadaye, umeme wa kiwanda chote cha mbao ulikuwa umekatika na simu yake ilikuwa inaishiwa chaji.

Tukapewa gari la ofisi na dereva, mzee mmoja mpole ambaye watu wote kiwandani tunamwita baba. Hatukubadilisha nguo. Tuliondoka na vile vitenge vya bluu huku muziki ukiendelea nyuma yetu.

Kutoka Mbeya hadi Iringa ni safari ya kutwa ukiwa na wasiwasi, hata kama gari linakimbia. Tukapita Chimala. Nilikuwa nasali, na katikati ya sala nikaona ninachokiomba. Nilikuwa naomba asiwe wangu. Mafundi walikuwa wawili tu, na mke wa yule wa pili alikuwa amekaa hapa, bega lake limegusa langu. Nikaacha kusali. Baada ya kilomita chache nikaanza tena, maneno yaleyale.

Yeye naye midomo yake ilikuwa inacheza. Sikumuuliza anaomba nini.

Tulipofika Makambako dereva alisimama kuweka mafuta. Simu yake ikaita. Alipotazama nani anapiga, alishuka akaenda kusimama mbali, karibu na ukuta. Tulimwona anaitikia kwa kichwa. Tulimwona anavua kofia na kuivaa tena. Aliporudi alikuwa na chupa mbili za maji.

"Wanasemaje, baba?" jirani yangu akamuuliza.

"Wameshafika hospitali wote. Madaktari wanamhudumia."

"Wanamhudumia nani?"

Akawasha gari. "Tutafika tu, wanangu. Tumwombe Mungu."

Hapo tulijua kwamba anajua. Ningeweza kumbana aseme. Sikumbana, na jirani yangu naye hakuuliza tena. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa anaona kwamba jina likitajwa ndani ya gari lile, mmoja atalia na mwingine atalazimika kuficha uso wake, na safari bado ni ndefu.

Nikaanza kumchunguza dereva. Maji alimpa jirani yangu kwanza, akamfungulia na kifuniko. Tulipofika Mafinga akamuuliza kama anasikia baridi, akampa koti lake. Mimi hakuniuliza kitu, hata kwenye kioo cha ndani alikwepa kunitazama. Nikaelewa: aliyeungua ni mume wake. Nikamshika jirani yangu mkono na kuanza kumpapasa, nikimwonea huruma kweli, na huku moyoni kuna kitu kimekaa kitako na kushukuru. Nilimwambia, "Mwenzangu, kuungua kunapona."

"Ndiyo," akasema. "Kunapona."

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipofika. Kwenye benchi nje ya wodi alikaa mwanamume mwenye ovaroli, uso mweusi wa moshi, nyusi zimeungua nusu. Jirani yangu alipomwona alipiga magoti palepale kwenye sakafu. Alikuwa mume wake.

Sikumbuki nilivyovuka ule ukumbi. Nakumbuka yule fundi alisimama, akanishika mabega, akawa anaongea haraka kama mtu anayeogopa kukatizwa.

"Shemeji, yuko hai. Anaongea. Tuliwasha kabati tukaona taa moja haikai sawa, tukazima. Tulitakiwa tusubiri. Muda wa ile simu ulikuwa umekaribia. Akasema kuna skrubu moja tu imelegea, aikaze. Mimi nilikuwa nyuma yake na waya wa ardhi mkononi. Mkononi, shemeji. Sikuwahi."

Muuguzi, mama wa makamo, alinisalimia kwa Kihehe, "Kamwene," na nilipojibu alijua mimi si wa huko. Akanipa gauni la kuvaa juu ya kitenge, akaniambia nisimguse mume wangu na nisilie mbele yake.

Mikono ilikuwa imefungwa bandeji mpaka viwiko. Uso umevimba, macho mistari miwili tu. Nisingemtambua barabarani. Nilimtambua aliposema jina langu, na sauti ilikuwa yake ileile.

"Nipo," nikasema.

"Naogopa," akasema. Katika miaka yetu yote sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo.

"Hata mimi."

Nilikaa Iringa mpaka alipopona kiasi cha kusafiri. Jirani yangu alirudi Mbeya kuangalia watoto, wake na wangu. Kabla hajaondoka tulikaa nje, kwenye majani, tukimenya machungwa. Akasema bila kuinua macho, "Njia nzima nilikuwa naomba awe wako."

"Mimi nilikuwa naomba awe wako," nikamwambia. "Na kuanzia Mafinga nilishukuru."

Hatukuombana msamaha. Alinipa kipande cha chungwa, tukaendelea kula.

Mume wangu alibaki na vidole viwili vya mkono wa kulia visivyokunjika. Haendi tena kufunga. Yuko chumba cha majaribio, ambako kila kinachotoka kiwandani kinapimwa. Kabati la Kilolo lilikuja kumaliziwa na mafundi wengine, na nasikia mota za pale haziungui tena. Mkurugenzi alitusimamia vizuri wakati wote wa matibabu, na hakuna siku aliyoitaja ile simu mbele yetu.

Mimi bado nasuka koili. Kuna asubuhi jirani yangu anakuja mlangoni, mume wake akiwa amesafiri kwenda kufunga kabati, na haombi chumvi wala kitu chochote. Anasema tu, "Leo wanawasha." Basi namwachia nafasi kwenye mkeka, naweka simu yake na yangu katikati yetu, na tunachambua mchele taratibu tukisubiri mojawapo iite.