Visu Viwili vya Karani wa Masjala

Karani wetu wa masjala ana visu vya kukunja thelathini na kitu nyumbani kwake, vya mtindo wa zamani, vyenye mipini ya mbao au ya pembe, na kila asubuhi huchagua viwili vya kwenda navyo kazini. Cha mfuko wa kulia ni cha matunda. Cha kushoto ni cha kamba za majalada. Ana vidole vinene, lakini kisu hukifungua kwa ukucha mmoja, polepole, kama mtu anayechungulia chungu jikoni kwa mwenzake. Hamwazimi mtu. Ukimwomba, huinua miwani na kukuuliza kwa sauti ya chini, “Unataka kukata nini? Lete nikukatie.”

Juzi tai ya mkuu wa idara ilinaswa na mashine ya kuchana karatasi. Mashine inavuta, mkuu kainama, shavu limegusa kifuniko, macho yamemtoka pima, na sisi tunapigana vikumbo kutafuta swichi. Karani akafika, akatoa kisu, akakifungua, akakitazama. “Hiki cha matunda,” akasema. Akakikunja, akakirudisha mfukoni, ndipo akatoa kile kingine. Akaikata tai mara moja tu, chini ya fundo.

Mkuu alikaa sakafuni akihema, huku karani akifuta makali kwa leso.

“Hebu nikione hicho kisu,” mkuu akasema, akinyoosha mkono.

Karani akainua miwani. “Unataka kukata nini, mkuu?”