Satterthwaite wa Chaussée de Wavre

Kitabu cha simu cha Brussels kilinukia samaki wa chumvi. Kosa halikuwa la kitabu. Miaka ile ya tisini tuliishi juu ya duka la vyakula, barabara ya Chaussée de Wavre, na harufu ya makayabu ilipanda ngazi kila asubuhi bila kubisha hodi, ikaingia kwenye mapazia, kwenye makoti, hata kwenye daftari zangu za hesabu, kiasi kwamba mwalimu wangu, naapa, alisahihisha kazi yangu akiwa amejaa mate mdomoni. Lakini kitabu cha simu ndicho kilichonukia zaidi, kwa sababu Papa alikisoma kila siku baada ya kula, na hakuwa mtu wa kunawa mikono mara mbili. Alikisoma kama wengine wanavyosoma Zaburi. Kidole chake kilishuka taratibu juu ya majina, mfano wa mama anayechambua mchele, na nilipokuwa na umri wa miaka kumi, kidole hicho kilisimama kwenye herufi ya S na hakikusogea tena. Jina letu lilikuwamo mara mbili. Mara ya kwanza ni sisi. Mara ya pili ni mtu aliyekaa Uccle, kule kwenye miti mingi na mbwa waliochanwa nywele.

Jina lenyewe ni Satterthwaite. Ndiyo, sisi watu wa Kivu, kutoka vilima vya juu ya ziwa, tunaitwa Satterthwaite, herufi kumi na tatu, jina refu kuliko tramu ya kwenda Uccle. Papa alisimulia kwamba babu yake alimkuta Mwingereza mmoja mlimani, mtu wa kupima ardhi, ameangushwa na homa. Alimbeba mgongoni siku nne hadi ziwani. (Siku hizo zilikuwa nne nilipokuwa mdogo, siku nilipopata komunyo zilifika saba, na chui wawili wakaongezeka. Mimi nimerithi zaidi ya jina.) Alipopona, Mwingereza yule hakuwa na kitu cha kutoa ila jina lake. Akaliandika kwenye karatasi, babu akaipeleka misheni, akabatizwa nalo. Baadaye, serikali ya Zaire ilipopiga marufuku majina ya kizungu, cheti cha ubatizo kilishonwa ndani ya bitana ya sanduku, kikakaa humo kama mbegu inayosubiri mvua, na katika sanduku hilohilo kikafika Ubelgiji.

Kwa hiyo mtaelewa nyumba ilivyonyamaza siku niliporudi kutoka shuleni nikilia, nikasema silitaki. Mwalimu alikuwa ametupa kazi: Jumatatu ijayo kila mtoto atasimama mbele ya darasa aeleze jina lake limetoka wapi. Didier, mtoto wa Kikongo aliyekaa nyuma yangu, mwenye ulimi mkali kuliko wembe, hakusubiri Jumatatu. "Lako tunalijua," alisema. "Hilo ni jina la bwana. Babu yenu alipigwa chapa kama ng'ombe." Darasa zima lilicheka, na kwa hesabu yangu ya siku hiyo darasa lile lilikuwa na watoto mia tatu. Nilimwambia Papa kwamba Jumatatu nitajiita Nabintu, jina la bibi mzaa mama, na nitaendelea nalo hadi kaburini.

Papa hakunigombeza. Alikifunga kitabu cha simu. "Bon," alisema. "Ule muntu wa Uccle ni majina yetu. Jumapili tunaenda kwake. Kama anatukataa, Jumatatu unasema Nabintu, na mimi nanyamaza." Kunyamaza kwa Papa! Hata Maman aliacha kukoroga sombe, kisamvu chetu, akamtazama, kwa kuwa ahadi kama hiyo hakuwahi kuitoa hata mbele ya padri.

Lazima nieleze jambo moja, kwa sababu hapo ndipo lilipolala kosa letu lote. Kwetu watu wawili wenye jina moja huitana majina, kama Waswahili wa pwani wanavyoitana somo. Majina wako si mgeni. Humwombi miadi, humwandikii barua. Unakwenda tu, unamtania, unaketi, na unampelekea kitu, kwa maana mkono mtupu haulambwi. Wazo kwamba Mzungu anaweza kulibeba jina kwa namna nyingine, kama mtu anavyobeba namba ya nyumba, halikutupitia kichwani. Basi Jumapili hiyo, baada ya misa, Papa alinunua kuku mzima sokoni, mweupe, mwenye kiburi. Maman alimfunika na kitenge kipya ndani ya kikapu, tukapanda tramu. Mjini kote hakuna aliyeangaliwa kama sisi. Kuku alitoa kichwa akamkagua mkaguzi wa tiketi, na mkaguzi ndiye aliyeinamisha macho. Kabla hatujashuka, kuku alitaga yai. Jamaa zangu husema hapa natia chumvi. Mimi nilikuwapo, nililishika, lilikuwa la moto.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mzee, mrefu, mkavu, amevaa sweta la rangi ya majivu. Alitutazama watatu, kisha akamtazama wa nne.

"Sinunui kuku," alisema kwa Kifaransa chenye lafudhi ya Kiingereza.

"Hauzwi, mademoiselle," alisema Papa, uso wote meno. "Ni wako. Mimi ni majina wako! Satterthwaite!"

Akatoa kitambulisho chake, akakishika karibu na pua ya yule mama. Mama akakisoma, akakisoma tena. Kisha akarudi nyuma hatua moja, na kuku akaingia kwanza.

Sebuleni kwake nilikuta kitu ambacho sijakisahau. Ukuta mzima ulikuwa ramani ya Uingereza na bahari ya magharibi hadi Amerika, imejaa pini nyekundu, na kutoka pini hadi pini zilipita nyuzi za pamba. Tangu astaafu kazi ya ofisini, Mademoiselle Satterthwaite alikuwa anafuatilia safari ya jina lake: nani alitoka wapi, nani alivuka maji, nani alizikwa wapi. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na masanduku kumi na moja ya kadi. Papa akasimulia habari ya babu na homa (siku tisa, mara hiyo), na mama yule akafungua masanduku moja baada ya jingine, kadi kwa kadi, huku chai ikipoa. Mwisho akavua miwani.

"Huyo mpimaji simjui," alisema. "Pole, bwana. Hayumo."

Papa alinyamaza. Nimeona milima ya volkano, nimeona theluji ya Februari, lakini sijaona kitu cha kutisha kama Papa aliyenyamaza. Mdomoni nilikuwa nimeshaanza kulizoea jina la Nabintu. Hapo Maman, ambaye hakuwa ametamka neno tangu mlangoni, akaliweka yai mezani polepole, akauliza kama anayeuliza bei ya nyanya: "Na ninyi, mademoiselle, mulilipata wapi?"

Mwanamke yule alifungua kinywa, akakifunga. Kuuliza si ujinga, lakini nadhani swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu aliyetaka jibu kweli. Akatupeleka kwenye ramani, akaweka kidole kaskazini mwa Uingereza, penye vilima na maziwa. Zamani sana, alisema, walikuja watu kwa mashua kutoka nchi za baridi, wakafyeka msitu huko. Miezi ya joto walipandisha mifugo yao juu, wakalala kwenye vibanda vya malishoni. Mahali hapo pakapewa jina kwa lugha yao: uwanja uliofyekwa, penye kibanda cha malisho. Aliyeshuka kutoka huko kwenda kutafuta maisha aliitwa kwa jina la mahali, awe mwenye ng'ombe au mchungaji wake, ndugu au si ndugu.

"Donc hata ninyi mulipewa," alisema Maman. "Na mlima."

"Na mlima," alikubali. Kisha akamgeukia Papa. "Watu wenu walikuwa wanafanya nini huko kwenu, kabla ya huyo mpimaji?"

"Kuchunga ng'ombe," Papa alisema kwa sauti ndogo. "Juu, mulimani. Ziwa liko chini."

Kuku alitembea juu ya zulia. Mademoiselle alichukua kadi mpya, akafungua kalamu, akaniangalia mimi, si Papa. "Unaitwa nani?"

Ningeweza kusema Nabintu. Hakuna ambaye angenilaumu. Nilisema, "Furaha Satterthwaite," herufi zote kumi na tatu bila kujikwaa, akaandika. Akanipa pini. Lakini ramani yake ilikomea Hispania, Afrika haikuwamo. Akafikiri, akapima kwa mkono, shubiri moja, shubiri mbili, chini kulia, nje kabisa ya ramani. "Hapo," alisema. Nikaichoma pini kwenye karatasi ya ukuta yenye maua, karibu na swichi ya taa, na yeye akauvuta uzi kutoka vilima vya maziwa hadi kwetu.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikasimulia yote, kuanzia mashua. Nilipomaliza, Didier aliinua mkono. Nikajikaza. "Na kuku," aliuliza, "mlimla?" Hatukumla. Aliishi miaka mitatu bustanini Uccle, akiwasumbua majirani, na alipokufa Mademoiselle alitupigia simu kama anayetangaza msiba wa ukoo. Tulikwenda.

Naye pia alishaondoka. Nyumba yake ilipakwa rangi nyeupe, nyuzi na maua vyote chini ya rangi, na masanduku kumi na moja yako kwangu, juu ya kabati. Vitabu vya simu havipo tena. Mimi nilisoma masomo ya jioni nikiwa mtu mzima, mchana nikihudumia wazee, na diploma yangu ilibidi wairefushe ili jina litoshe. Mwaka uliopita kijana Mwingereza aliyekuja kufanya kazi hapa Brussels aliniandikia ujumbe mara nne akiomba miadi, dakika ishirini tu, kwa kuwa alikuwa ameona jina lake kwenye kengele ya mlango wangu. Alikuja saa kamili, mikono mitupu, maskini, hakufundishwa. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaona haya, akauliza kwa adabu zote familia yangu ililipata wapi jina hili.

Nilimwekea sombe mbele yake, nikaketi. "Nitakuambia, majina," nikasema. "Lakini anza wewe. Ninyi mlilipata wapi?"

Alifungua kinywa, akakifunga. Hakujua. Basi nikaenda kuteremsha sanduku la kwanza.