Mzee Aliyesema Anaona

Kanisa letu liko katika komini, yaani wilaya ya mji, iitwayo Kenya, nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma, na mimi kazi yangu ni kuuza miwani katika duka moja mjini kati, hapa Lubumbashi. Kwa hiyo mchungaji wetu, tunayemwita pasta, alipotangaza safari ya misheni kwenda kisiwa kimoja cha ziwa Mweru, alinitaja mbele ya watu wote: dada yetu atakusanya miwani ya kusomea, ili wavuvi wa kule wapate kushona nyavu zao. Watu wakapiga makofi. Makofi yakishapigwa, unakataaje? Siku tano tu, alisema.

Tuliondoka wanne: pasta, waimbaji wawili wa kwaya, na mimi. Tulipanda lori mpaka Kasenga, kisha tukakaa siku nzima ndani ya mtumbwi wenye mota, tukishuka mto Luapula mpaka ziwani. Kisiwa kilikuwa kidogo kiasi kwamba ukitoka kukizunguka asubuhi, unarudi kabla uji haujapoa vizuri. Nyumba za matete, vichanja vya kuanikia samaki, harufu ya moshi kila mahali. Mimi nikapewa malazi kwa mzee mmoja na mke wake. Mzee alikuwa mvuvi, lakini macho yalikuwa yamezimika mwaka wa nne sasa.

Nilimtazama macho siku ile ile. Mboni zote mbili zilikuwa nyeupe kama maji yaliyooshewa mihogo. Mimi si daktari, lakini watu wa namna hiyo huja dukani kwetu wakidhani miwani itawasaidia, nasi tunawaelekeza hospitali. Ni mtoto wa jicho. Wanapasuliwa, na wengi wanarudi kutusalimu bila kushikwa mkono. Nikaenda kumwambia pasta.

"Huyu anaweza kupasuliwa, Pasta. Lubumbashi wanafanya."

"Usiseme hivyo mbele yake," akanijibu. "Tumekuja na neno la Mungu, hatukuja na kisu. Usimvunje imani."

Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, na sijamsukumia mtu mwingine.

Siku ya tatu kulikuwa na maombi ya wagonjwa, pwani pale, jua likiwaka. Mzee akaitwa. Pasta akamwekea mikono kichwani, akaomba mpaka shati likalowa, kisha akamwuliza kwa sauti kubwa, "Unaona nini?"

Mzee akainua uso. "Minaona mwangaza."

Alikuwa anasema kweli. Ugonjwa ule hauzuii mwanga kuingia. Lakini watu hawakungoja maelezo. Vigelegele vilipasuka, mwimbaji mmoja akarekodi kwa simu, mke wa mzee akajitupa chini mchangani akilia. Kijana fulani akachukua fimbo ya mzee akaitupa majini. Niliitazama ikielea, nikajisemea kwamba nitasema kesho.

Usiku ule ule upepo ukaanza. Asubuhi ziwa lilikuwa jeupe kwa mapovu. Mwenye mtumbwi alitazama maji mara moja tu, akatikisa kichwa. Siku ya tano ikapita, ya sita ikapita. Kila asubuhi tulifunga mizigo, kila jioni tukaifungua.

Asubuhi ya kwanza ya upepo, mke alipokuwa ameenda kutafuta kuni, mzee aliniita taratibu.

"Mama, ule anakuya ni nani?"

Nikachungulia mlangoni. "Ni jirani. Amebeba mtoto."

"Mutoto mwanaume ao mwanamuke?"

Nikatambua anachoniomba. "Papa, kwa nini usiwaambie ukweli?"

"Bantu babili bamechinja kuku kwa furaha juu yangu," akasema. "Bibi yangu ameimba usiku wote. Nitabambia nini? Bwatu yenu ikienda, nitajua namna ya kufanya. Unisaidie mupaka pale."

Lakini mtumbwi haukuenda. Basi nikawa macho ya mzee. Nilikaa naye mkekani tangu asubuhi; nilikohoa mara moja akija mwanaume, mara mbili akija mwanamke. Walimletea vitu avitazame: wavu mpya, kasia, mtoto mchanga. Mtoto alipowekwa mapajani mwake, mzee aliinamisha kichwa akasema, "Sura ya baba yake kabisa." Wote wakacheka kwa furaha, nami nikacheka nao. Sikuweza hata kwenda kuoga bila kumwacha hatarini. Nikisogea mbele kulikuwa na maji, nikirudi nyuma kulikuwa na watu wanaonishukuru.

Siku ya nane mdogo wake mzee alikuja. "Yaya," akasema, yaani kaka, "kwa kuwa sasa unaona, kesho tunaenda pamoja kutega upande ule upepo haufiki." Mzee akaitikia. Angefanyaje?

Nilikwenda kwa pasta mbio.

"Nilimwuliza mbele ya watu," akasema. "Yeye mwenyewe alijibu. Unataka nimwite mwongo?"

"Hajui hata nani amesimama mbele yake, Pasta. Kesho atakufa maji."

Alikunja na kukunjua ukingo wa Biblia yake. "Na tukifika Lubumbashi," akauliza mwishowe, "utawaambia nini kanisani?"

Nilimwacha hapo, nikarudi nyumbani kwa mzee.

Wakati wa kula, mke wa mzee aliweka bukari, yaani ugali, na samaki wadogo, akaketi. Akamwambia mumewe, "Kesho hauende ku maji."

"Juu ya nini? Minaona."

"Unaona nini? Tangu siku ya maombi ninakuwekea mboga mbali na mukono yako. Kila siku unapapasa tu."

Mzee akaacha tonge hewani. Mimi, kwa mazoea, nikakohoa.

"Na weye, mama," akanigeukia, "acha kukohoa."

Mzee akauliza kwa sauti ndogo, "Juu ya nini haukusema?"

"Nilikuwa nangoja weye unambie."

Asubuhi alimshika mkono mumewe wakashuka pwani. Mdogo wake alikuwa ameshaandaa mtumbwi, watu wamejaa kutazama. Mzee akasema neno moja: "Sioni."

Nilidhani watamcheka. Hakuna aliyecheka. Waligeuka wakatutazama sisi wageni. Mchana wanawake wawili walirudisha miwani niliyowapa, wakaiweka chini mlangoni bila salamu, ingawa ilikuwa ikiwafaa vizuri. Upepo ulituzuia siku tatu zaidi. Hakuna aliyetuletea chakula ila mke wa mzee. Kupitia ukuta wa matete nilimsikia pasta akiomba peke yake, akimsihi Mungu atulize maji, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayetaka kurudi kwao.

Maji yalipotulia nilimwomba mke aniruhusu niondoke na mzee. Akakubali. Pasta hakupinga; kati ya ziwa, baridi ilipozidi, alivua koti lake akamfunika mzee mabega, akageuka upande mwingine.

Mzee alilala kwangu majuma kadhaa akingoja zamu yake hospitali. Katika majuma hayo, Jumapili moja, waimbaji walionyesha ukutani kanisani ile video ya simu: mikono kichwani, "minaona mwangaza," vigelegele. Kanisa zima likasimama kumsifu Mungu. Mzee alikuwa nyumbani kwangu, amekaa kitini, haoni. Pasta alitazama sakafu. Mimi nilisimama na wengine, nikapiga makofi. Sipendi kulikumbuka hilo, lakini ndivyo nilivyofanya.

Alipasuliwa jicho moja. Siku ya kufunguliwa bandeji alimtazama muuguzi, akatazama dirisha, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

"Mama," akasema, "nilizania uko muzee. Kumbe uko mutoto tu."

Akataka tutoke nje. Alisimama kwenye lango la hospitali akitazama pikipiki zikipita, moja baada ya nyingine, mpaka miguu yangu ikachoka, na bado hakutaka kuondoka.

Sasa yuko kwao, na anavua. Mfanyabiashara mmoja wa samaki huniletea ujumbe wa sauti wa mzee. Katika ule wa mwisho alisema kisiwani kuna wengine wawili wenye macho kama yale yake, wanauliza nitakuja lini. Nimeusikiliza mara nyingi. Sijamjibu bado.