Shavu la Shangazi

Shangazi yangu anauza vitu vya watu wazima wanaocheza na treni. Hapendi nikisema hivyo. Anasema hawachezi, wanaendesha, na husema kwa uso wa mtu anayetetea dini yake. Lakini mimi nipo dukani kila siku na ninawaona: walimu wastaafu, daktari wa meno, na yule mzee aliyeendesha treni za kweli maisha yake yote, akastaafu, akaona bora aendeshe zisizofika hata magotini kuliko kukaa bure. Wametandaza reli bustanini katikati ya maua na mboga. Sisi tunawauzia bisibisi nyembamba, spana za nati zisizoonekana bila miwani, grisi nyeupe ya gia, brashi za kusugulia reli zilizofubaa, na kokoto laini kwa kilo.

Hayo yote mtu atayapata kwingine. Betri za Shangazi hatazipata. Reli ya bustanini hunyeshewa na kuangukiwa na majani, umeme haupiti vizuri, kwa hiyo treni hubeba betri yake tumboni. Shangazi huziunga mwenyewe, seli sita sita. Anazilehemu, anazivisha plastiki ya buluu, anazichaji, halafu anafanya jambo ambalo sijaliona kwa fundi mwingine yeyote. Anainua betri, anailaza kwenye shavu lake la kulia, anafumba macho na kuhesabu kimoyomoyo hadi ishirini. Seli mbovu hupata joto kuliko nyingine. Akisikia joto, betri inakwenda kwenye ndoo ya mchanga. Akisikia baridi, anaibandika karatasi yenye tarehe na kuiweka kwenye trei ya betri nzima.

Vidole vyake, anasema, si vya kuaminiwa. Miaka thelathini ya kulehemu imeviotesha sugu, na anaweza kushika kikombe cha chai ya moto kama ameshika kitasa cha mlango. Shavu ndilo halidanganyi. Wateja hupenda kumtazama. Dereva mstaafu alimtania siku moja kwamba anazibembeleza betri kuliko alivyombembeleza marehemu mumewe, naye akamjibu kwamba marehemu hakuwahi kukaa na chaji siku nzima.

Mwezi wa tatu alipata kiharusi. Kidogo, daktari alisema, cha kupita tu. Alilazwa siku nne, ya tano akawa dukani. Mdomo ulikuwa umelegea upande wa kulia na chai ikawa inamdondoka kidevuni. Sote tulijifanya hatuoni. Ukoo wetu ndivyo ulivyo: ugonjwa haupewi jina, unapishwa njia kama mgeni mkubwa. Nilianza kumwekea leso karibu na kikombe, nikanyamaza, na nikajiona mtu mwenye adabu zake.

Jumanne iliyopita asubuhi nilichukua betri mbili kwenye trei ya nzima nizipange rafuni. Moja ilikuwa ya moto. Sisemi vuguvugu, nasema moto, mpaka nikaiachia mezani. Niliitazama karatasi: tarehe ya siku hiyo, mwandiko wake. Nikamwambia. Akasema nimeiacha dirishani ikapigwa jua. Nje kulikuwa na mawingu tangu alfajiri. Nilipomwonyesha mawingu akasema mikono yangu ni ya mayai, haijawahi kufanya kazi, itajuaje moto. Kisha akaichukua, akailaza shavuni, akahesabu.

"Baridi," akasema.

Aligeukia meza yake akaanza kulalamika kuhusu mzigo wa reli uliochelewa bandarini. Mkononi nilikuwa na spana, chuma kitupu chenye baridi ya asubuhi. Sijui nilipata wapi ujasiri ule. Nilimsogelea kwa nyuma, nikaigusisha kwenye shavu lake la kulia. Aliendelea kuongea. Nikaikandamiza. Aliendelea, mzigo, bandari, wale watu hawana haya. Mpaka alipogeuza kichwa ndipo alipouona mkono wangu, na spana, na mahali ilipokuwa.

Aliyelia ni mimi. Yeye alikaa kwenye kiti akajipapasa shavu kwa vidole vyake vya sugu, jambo ambalo halikuweza kumsaidia. Aliniambia taratibu kwamba alijua limelala, ila alidhani ganzi ni ya juu juu tu, na kwamba joto likiwa kali litapenya. Na kwa kuwa hakuwa anasikia joto, kila betri kwake ilikuwa nzima. Tulifungua daftari la wateja. Tangu mwezi wa tatu zilikuwa zimetoka kumi na saba.

Nilikuwa nimeshautunga uongo. Nitawapigia mimi, niseme kiwanda kimetuletea seli zenye kasoro, warudishe, yaishe. Alininyang'anya simu. Alianza na dereva mstaafu, kwa sababu huchajia treni yake kwenye kibanda cha mbao kilichoegemea ukuta wa chumba cha kulala.

"Mzee, ile betri usiichaji," alimwambia. "Shavu langu la kulia limekufa. Nilikuwa sihisi kitu."

Mzee akajibu kwenye spika, "Najua, mama."

Alikuwa akijua tangu wiki mbili zilizopita. Betri ilikuwa imewaka ikiwa kwenye chaji. Kichwa cha treni kiliyeyuka na ubao wa kibanda ukaungua, akauzima kwa ndoo ya mchanga huku mkewe amelala upande wa pili wa ukuta. Akamweleza daktari wa meno, naye kwa kuuona mdomo ulivyolegea akakisia kwamba shavu lina ganzi, na wawili hao wakakubaliana wasimwambie Shangazi. Waliona akijua atafunga duka, na akifunga duka atakufa. Wangeendelea kununua betri zake na kuzitupa.

Shangazi alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza kama wateja wote wameambiwa.

"Si wote," mzee akasema.

"Mmenihurumia mimi. Na wale wengine mmewaachia nani?"

Akakata simu bila kuaga. Aliniambia nimsomee namba inayofuata. Sikuthubutu kumtazama, kwa sababu swali lile lilikuwa langu pia. Nilisoma, akapiga, na kila aliyepokea alimwambia maneno yale yale bila kushusha sauti, hata mteja aliyekuwa ameingia dukani kununua grisi akayasikia yote. Wa pili, wa tatu, hadi wa nane. Wengine walishukuru. Mmoja alitukana, na Shangazi akamwambia ana haki.

Namba ya tisa ni ya mwalimu anayeishi na wajukuu wawili. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikakata. Alisimama akachukua mkoba wake, mguu wa kulia ukiburuta kidogo, akaniambia nifunge duka na nibebe daftari, hao wengine tutawapigia njiani. Nilimwambia tungoje dakika tano, huenda mwalimu yuko bustanini hasikii.

"Mmengoja kuniambia tangu mwezi wa tatu," akasema, na akafungua mlango.